Analia kila nikishika sindano ya kufumia. Je, niache?

"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana mwaka mmoja na miezi kumi, tunaishi Uyole, Mbeya. Napenda kufuma tangu nikiwa shule: kofia, masweta, vitambaa vya makochi. Nilipojifungua niliacha, nikarudia mtoto alipofikisha mwaka. Kusema kweli ndicho kitu kinachonifanya nijione bado ni mimi. Baridi ilipoanza nilipata oda nyingi za masweta, nashukuru Mungu, lakini sasa mtoto hataki kuniona na sindano. Nikigusa tu uzi anaanza kulia, anauvuta. Juzi alifumua mgongo wote wa sweta, nilipomzuia akanipiga usoni. Ili nimalize kazi nampa simu aangalie katuni, anatulia saa nzima au zaidi. Mama mkwe anasema mtoto ana wivu kwa sababu namtelekeza, na kwamba ndiyo maana hajui kuongea. Anasema maneno kama kumi hivi, mengine ya Kinyakyusa anayoyasikia kwa bibi. Nikimtuma anaelewa, na akitaka kitu ananyooshea kidole. Baba yake ni dereva, nyumbani yupo siku chache. Usiku nafuma sebuleni pembeni ya jiko la mkaa kwa sababu ya baridi, mtoto amelala palepale kwenye kochi. Nalala saa sita, saa saba. Nimechoka. Je, niache kufuma mpaka akue? Nimemharibu mwanangu?"

Mama, nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa sababu haliwezi kusubiri. Kuanzia usiku wa leo, mtoto asilale kwenye chumba chenye jiko la mkaa, na wewe usikae humo kufuma.

Mkaa unapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huku kwetu nyanda za juu wengi tumekuzwa tukiamini kwamba jiko likishakolea, moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, basi ni salama kuliingiza ndani. Kilichoisha hapo ni moshi. Hewa yenyewe inaendelea kutoka mpaka makaa yazimike. Ukiivuta, inajishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya ile inayoishika oksijeni, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa haina mzigo iliotakiwa kubeba. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo yeye ndiye hudhurika mapema. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, yaani zilezile ambazo mama anayefuma mpaka saa saba usiku angesema ni uchovu wa kazi tu. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko libaki nje. Ndani tumieni blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, nayo itumie wewe, si mtoto. Kama mmewahi kuamka na vichwa vizito vinavyopungua mkishatoka nje, mweleze daktari hivyo hivyo. Na ikitokea mtu amelegea au hazinduki kwenye chumba chenye jiko, kwanza mtoeni nje apate hewa, halafu mkimbizeni hospitali.

Sasa nije kwenye swali lako. Hapana, hujamharibu mwanao. Na sikushauri uache kufuma.

Kwenye barua yako kuna mambo matatu yamefungamana, na nadhani ndiyo sababu yanakuelemea: kilio cha mtoto, kuchelewa kwa maneno, na hatia unayojitwika. Umeyaunganisha kwa uzi mmoja, kwamba unafuma, ndiyo maana analia, ndiyo maana haongei. Kila moja lina sababu yake.

Tuanze na kilio, kwa sababu ndicho kinachonieleza mengi. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Edward Tronick alifanya jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi sana tangu hapo. Mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, wanachekeana, wanaitikiana. Kisha mama anaambiwa akae vilevile mbele ya mtoto, macho wazi, lakini uso usionyeshe chochote kwa dakika chache. Asitabasamu, asikunje uso, asijibu. Mtoto hugundua upesi. Anajaribu tabasamu, halafu sauti, halafu anarusha mikono, anaegemea mbele. Asipojibiwa anageuza uso pembeni, wengine wanaangua kilio. Mama hajaondoka. Yupo palepale, umbali wa mkono. Kilichoondoka ni jibu.

Jione sasa unapohesabu mishono. Unapopunguza kwa ajili ya kwapa, au unapofuata mchoro wa maua, midomo yako inanong'ona namba, macho yako yako kwenye sindano, na mtoto akisema "mama" unasema "mm" bila kuinua kichwa, kwa sababu ukiinua utapoteza hesabu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi, huo ndio uso ule usiojibu. Binti yako ameshajifunza, kwa akili nzuri kabisa, kwamba uzi ukitoka kwenye kikapu uso wa mama unafungwa. Ndiyo maana haanzi kulia baada ya nusu saa ya kuchoka. Analia ukigusa tu uzi. Analilia kitu anachojua kinakuja.

Kwa hiyo neno wivu silikubali, na neno kutelekeza silikubali kabisa. Mtoto aliyetelekezwa hafanyi hivyo. Mtoto ambaye amezoea kutojibiwa hunyamaza, hujipumbaza mwenyewe, huacha kudai. Binti yako anadai kwa sauti kubwa kwa sababu uzoefu wake wote umemfundisha kwamba mama hujibu. Hata kile kibao cha usoni kisome hivyohivyo. Katika umri huu sehemu ya ubongo inayozuia mkono usifanye kinachokuja kichwani bado ni changa sana, na maneno yake ni kumi tu. Mkono unasema ambacho mdomo haujui kusema. Ushike mkono wake kwa utulivu, mwambie "kupiga kunauma, hapana," kisha umpe neno alilolikosa: "umekasirika, unamtaka mama." Usimrudishie kofi. Ukimpiga ili asipige, kinachobaki kwake ni kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga.

Tronick alionyesha pia jambo jingine ambalo akina mama hawaambiwi mara nyingi. Hata mama na mtoto wanaopendana vizuri kabisa, sehemu kubwa ya muda hawaendani: mmoja anataka kucheza mwingine amechoka, mmoja anaangalia huku mwingine kule. Kinachomjenga mtoto ni kile kitendo cha kupotezana na kutafutana tena, mara nyingi kwa siku. Huhitaji kumwangalia mwanao siku nzima. Unahitaji kurudi, na yeye ajue kwamba utarudi.

Hapo ndipo kufuma kunakupa nafasi ambayo kazi nyingi hazina, maana kufuma kuna mistari. Mtoto wa umri huu haelewi dakika kumi. "Subiri kidogo" kwake ni sauti tu. Lakini anaelewa mfuatano: hiki, halafu kile. Basi mwambie, ukimwangalia machoni, "mama anamaliza mstari, halafu anakuangalia." Fuma mstari. Ukifika mwisho, shusha kazi mapajani, inua uso, mwite jina, mshike, ulizia anachofanya, pokea anachokuletea. Kisha mstari mwingine. Siku za kwanza mistari iwe mifupi sana: fuma kofia ya mtoto, au kitambaa chembamba, usianze na mgongo wa sweta la mtu mzima. Na usivunje ahadi hata mara moja katika siku hizo, maana anachojifunza hapo ni kama neno lako lina uzito. Akishaona kwamba mwisho wa mstari uso unarudi kila mara, kusubiri kutamlemea kidogo kuliko sasa. Kilio hakitaisha siku ya pili. Kitapungua, kitarudi akiwa na njaa au usingizi, kitapungua tena.

Kabla ya kugusa uzi, anza naye yeye. Robo saa ya kukaa chini kwenye mkeka, simu ikiwa mbali, yeye akiongoza mchezo na wewe ukimfuata. Mtoto aliyeshiba uso wa mama anakuachia mikono. Wengi hufanya kinyume: humkwepa mtoto ili wamalize kazi kwanza, wakiahidi moyoni kwamba watacheza naye baadaye, na matokeo yake wanafanya kazi huku wakivutwa sketi mchana kutwa.

Tenganisha pia kazi ya akili na kazi ya mikono. Mistari isiyo na hesabu, ile ambayo vidole vyako vinaijua hata gizani, ndiyo ya kufuma mtoto akiwa macho. Shingo, kwapa, michoro ya rangi, kuunganisha mikono, hizo ziwekee muda amelala. Wafumaji wa vikapu vya milulu kule Iringa wanafanya kazi huku wanaongea, wanacheka, wanamwangalia anayepita. Mikono ina kazi na uso una nafasi. Hicho ndicho unachokitafuta wakati wa mchana.

Na huo muda amelala, mama, uutumie kufuma. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Ninavyowajua akina mama, mtoto akifumba macho tu mchana wanakimbilia vyombo, kufua na kupiga deki, halafu kufuma kunasogezwa usiku wa manane. Geuza. Vyombo vioshe akiwa macho, mweke pembeni ya beseni lake dogo la maji na kikombe cha plastiki, ukiwa naye muda wote. Katika umri huu hakuna mchezo unaompendeza kuliko maji, na kuosha sahani hakuhitaji hesabu. Sweta fuma akiwa amelala mchana, kwenye mwanga wa jua, macho yako yakiwa mazima. Nyumba ikibaki na vumbi kidogo hakuna atakayeumia. Usingizi wako ukikatwa kila usiku utaumia wewe, na hasira ya asubuhi itamwangukia yeye.

Mpe na yeye kikapu chake. Magunzi yaliyokauka vizuri yanafaa sana: anaweza kuyapanga, kuyatia na kuyatoa, na ukivisha gunzi moja kipande cha kitenge umeshampatia mwanasesere. Weka vipande vya vitambaa vyenye mguso tofauti, kopo la plastiki lenye mdomo mpana, kijiko cha mbao. Kikapu hicho kitoke pale tu chako kinapotoka, kisizagae siku nzima, ili kibaki kipya machoni pake. Asubuhi jua la Uyole likishapanda kaeni nje. Watoto wa umri wake wanatakiwa kuchezesha mwili si chini ya dakika 180 kwa siku, kutembea, kupanda, kukimbiza kuku, na uwanjani hilo linatimia lenyewe huku wewe ukimaliza mistari.

Sasa simu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu kwenye barua yako umeiandika kama suluhisho, na mimi naiona ndiyo sehemu ya tatizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa kumkalisha mbele ya skrini mtoto wa mwaka mmoja. Akifika miaka miwili, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Sababu yake inafanana na ile ya uso. Maneno ya mtoto hukua kwa kurushiana, kama mpira: yeye anarusha sauti au kidole, wewe unapokea na kumrudishia neno. Ananyooshea ng'ombe, unasema "ng'ombe, ng'ombe mkubwa anakula majani." Anarusha tena. Katuni inarusha tu, haipokei. Mtoto akiiambia "ng'ombe," inaendelea na mambo yake. Ndiyo maana watoto chini ya miaka miwili hujifunza kidogo sana kwa kuangalia kuliko kwa mtu aliye mbele yao, hata kama katuni hiyo inafundisha namba na rangi. Utulivu unaouona si wa kujifunza. Macho yameshikwa na picha zinazobadilika haraka, na saa nzima ya kurushiana maneno imepita bila kurudi.

Iondoe moja kwa moja, usiipunguze kidogo kidogo, kwa sababu katika umri huu kitu kinachopatikana leo na kukosekana kesho hudaiwa kwa kilio kirefu zaidi. Siku utakayoanza usiwe na oda ya kesho yake. Atalia, atalitafuta begi lako. Baki naye karibu, mpe mikono yake kitu cha kufanya. Kumwona baba yake kwa simu ya video akiwa safarini ni jambo jingine, kwa sababu baba anajibu. Hilo liendelee, na ukae naye mkiongea watatu.

Kuhusu maneno yenyewe, nina la kukutuliza na la kukufuatilisha. Watoto wanatofautiana sana. Maneno kumi katika miezi 22 ni machache, yuko upande wa wanaochelewa kidogo, lakini ulichoandika baadaye kinanipa moyo: anaelewa ukimtuma, na ananyooshea kidole. Mtoto anayeelewa, anayeonyesha, anayekuletea kitu ili mkione pamoja, ameshajenga msingi ambao maneno husimama juu yake. Kinyakyusa cha bibi hakimcheleweshi. Watoto wengi duniani hukua na lugha mbili au tatu na ubongo wao unaziweza. Unapohesabu maneno yake hesabu ya lugha zote: akisema maji kwa Kiswahili na maziwa kwa Kinyakyusa, hayo ni mawili. Hata sauti isiyo kamili, kama anaitumia kila mara kwa kitu kilekile, ni neno. Huenda ukihesabu hivyo utakuta si kumi. Mwache bibi aendelee, aimbe naye, amsimulie.

Na mama mkwe wako usimpuuze. Lugha aliyotumia imekuumiza, lakini alichokiona ni kweli, kwamba mtoto anakutaka. Badala ya kubishana naye, mpe saa yake. "Mama, naomba asubuhi baada ya uji ukae na mjukuu wako, nami nimalizie shingo ya sweta hili." Ombi lenye saa na mwisho ni rahisi kulikubali kuliko "nisaidie mtoto." Mtoto anaweza kuwa na nyuso mbili tatu zinazomjibu, na hilo ni faida kwake, halikupunguzii wewe kitu.

Bado sijagusa kile ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichobadilika nyumbani kwako. Ulirudia kufuma mtoto alipofikisha mwaka, na hukuniandikia shida yoyote ya miezi ile. Shida imeanza na oda. Kufuma kwa kupenda kunakubali kukatizwa. Sweta lenye mteja anayelisubiri Jumamosi halikubali. Pesa hiyo mnaihitaji na sitakuambia uikatae. Lakini hesabu upya: sweta moja linakula saa ngapi, na kwa wiki una saa ngapi za usingizi wa mchana pamoja na saa za bibi? Hizo ndizo saa zako za kazi. Pokea oda zinazoingia humo, na tarehe utakayompa mteja iwe na siku za ziada, maana mtoto ataumwa mafua wakati wowote wa baridi. Mwakani usisubiri baridi. Anza Septemba, Oktoba, kufuma kofia na masweta madogo ya kuweka akiba. Wazazi watayatafuta shule zikifunguliwa, na baridi ya Juni ikifika una mzigo tayari, hufukuzani na usiku.

Kuna na suala la chakula. Mikoa yetu hii inalisha nchi, na bado utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe kama nusu. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni muda wa mama. Mtoto wa umri wa wako ana tumbo dogo, anahitaji kula mara tatu hadi nne kwa siku na vitafunwa katikati, kwa kusaidiwa na kubembelezwa. Oda zikibana, mlo wa saa nne asubuhi na wa saa kumi jioni ndiyo huwa wa kwanza kuruka. Parachichi la kuponda, maharage, mayai, dagaa wa kusaga: hakikisha mikono hiyo inayofuma ndiyo inayomlisha kwa wakati.

Ukiona saa za usingizi na za bibi hazitoshi, zipo njia nyingine, na kila moja ina gharama yake. Dada wa kazi anaweza kukuokoa, ilimradi awe mtu mzima wa umri wa kuajiriwa, umwone kwanza anavyomjibu mtoto, na usimkabidhi simu ya katuni. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinafaa kama kimesajiliwa. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuambia kama kimesajiliwa. Nenda ukakione bila kutoa taarifa, uangalie kama walezi wanaongea na watoto au wamewakalisha tu kwenye benchi. Nusu siku mara tatu kwa wiki inaweza kutosha. Kuacha kufuma kabisa nakuweka mwisho. Kungenyamazisha ugomvi wa leo, lakini kungekuondolea kitu ulichosema kinakufanya ujione bado ni wewe, na sijaona mtoto akinufaika kwa mama kupungukiwa namna hiyo.

Vifaa vyako sasa. Sindano za kufumia, za kushonea na mkasi viwe kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, juu, si ndani ya kikapu cha uzi. Vifungo na shanga hukaa kooni kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa hiyo vihesabu unapovitoa na unapovirudisha. Uzi wowote unaomwachia achezee usizidi urefu wa kiganja chako. Mrefu unaweza kumzunguka shingoni. Kofia zake usizifunge kwa kamba kidevuni. Na soksi unazomfumia zigeuze nje ndani kila unapomvalisha, ukate nyuzi zilizolegea. Uzi mmoja mwembamba unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, kidole kikavimba, uzi ukazama ndani ya ngozi na kukata damu. Mtoto akilia bila sababu unayoiona, mvue soksi na glavu, kagua vidole kimoja kimoja. Ukikuta kidole kimevimba au kimebadilika rangi na uzi hautoki kirahisi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Akimeza sindano au kifungo, usimtapishe wala usimlishe ugali ili "ushuke nacho." Mpeleke.

Nimebaki na wewe. Umeandika "nimechoka," neno moja, kisha ukaendelea kuuliza habari za mtoto. Kuchoka kwa mtu anayelala saa saba hakunishangazi, na kama ni usingizi tu, utaona nafuu ukianza kulala mapema. Lakini jiulize kwa ukweli: bado unafurahia kufuma, au umebaki kukimbizana na tarehe? Unaweza kulala mtoto akilala, au unakodoa macho? Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi moyo ni mzito karibu kila siku, hata uzi haukuvutii, unalia, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na ina tiba. Ukipata wazo la kujidhuru au la kumdhuru mtoto, usisubiri kliniki. Mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo, muende hospitali pamoja.

Mtoto mpeleke kliniki mwezi huu, hata kama chanjo zimekamilika. Waombe wampime uzito na urefu, na mweleze muuguzi kwamba unataka kujua kama anasikia vizuri. Mafua ya mara kwa mara ya msimu wa baridi yanaweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto akasikia kama aliyezama kwenye maji, na maneno yakachelewa bila yeyote kujua. Nyumbani mwite jina ukiwa nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Akifika miaka miwili na bado haunganishi maneno mawili, omba rufaa ya daktari wa masikio na wa watoto. Na ukiona amepoteza maneno aliyokuwa nayo, ameacha kunyooshea kidole, haangalii uso wako au haitikii jina lake, nenda wiki hiyohiyo, usingoje miaka miwili. Siku utakayokwenda andika pembeni ya kadi maneno yote anayosema, ya Kiswahili na ya Kinyakyusa, maana ukifika mbele ya muuguzi utayasahau nusu. Mwambie pia habari za jiko, na kwamba wewe mwenyewe hulali.